Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo: mfundisheni mwanafunzi hakimiliki kabla ya kumwadhibu

Waheshimiwa wakuu wa vyuo, walezi wa wanafunzi, wenyeviti wa kamati za nidhamu, pamoja na wahadhiri wote,

Salamu nyingi. Mimi ni mkutubi wa chuo. Kazi yangu inaniweka kati ya mwanafunzi anayetafuta kitabu na sheria inayoeleza kitabu hicho kitumike vipi, na hapo nilipo nayaona mambo ambayo sidhani kama yanafika kwenye vikao vyenu. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu tatizo hili si la chuo kimoja, na barua za ndani huishia kwenye majalada.

Mwaka wa masomo ukianza, mwanafunzi mpya hupewa fomu ya kutia sahihi kwamba amesoma kanuni za chuo na amezikubali. Anatia sahihi akiwa kwenye foleni, risiti ya ada mkononi, mawazo yake yakiwa kwenye chumba atakacholala usiku huo. Ndani ya kijitabu cha kanuni, baada ya masharti ya mavazi na kelele za usiku, mna aya moja inayokataza kukiuka hakimiliki na kutaja adhabu zake: onyo, kufungiwa mtandao, kusimamishwa masomo, kufukuzwa. Aya hiyo haisemi hakimiliki ni kitu gani. Mwanafunzi hulikuta tena neno hilo siku anapopokea barua ya kuitwa mbele ya kamati.

Hapo ndipo penye lalamiko langu. Kwenye maabara hamumruhusu mwanafunzi kushika asidi kabla hajafundishwa inavyoshikwa, na akiungua mnauliza ni nani aliyekuwa zamu. Kwenye hakimiliki mnamwacha ajifunze kwa kuungua, kisha anayeulizwa ni yeye peke yake.

Naomba nisieleweke kwamba nawaombea wanafunzi msamaha wa jumla. Wana wajibu, na wajibu wenyewe si mwepesi. Kitabu cha kiada kina watu nyuma yake: mwandishi aliyekesha, mhariri, mchora vielelezo, mchapishaji aliyetanguliza fedha bila kujua kama zitarudi. Anayekitoa kopi chote, kuanzia jalada hadi faharasa, amelipia karatasi, wino na umeme wa mashine. Mwandishi hajapata kitu. Ni hivyo hivyo kwa programu ya kompyuta iliyovunjwa kufuli, kwa filamu, kwa wimbo, kwa picha iliyochukuliwa mtandaoni na kubandikwa kwenye bango la tamasha la wanafunzi. Mtu mzima aliyefika chuoni anapaswa kujua kwamba kupatikana kwa kitu hakumaanishi ruhusa ya kukichukua.

Ila kujua huko kuna undani wake, na hapo ndipo wanafunzi wanapopotea. Mmoja ataniambia kitabu hakina alama ya hakimiliki, kwa hiyo ni cha bure. Si kweli. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa sahihi mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, unasema ulinzi hautegemei usajili wala alama yoyote; kazi inalindwa tangu inapotungwa, na kwa kazi nyingi ulinzi huo hudumu maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimefika miaka 70. Mwingine ataniambia ametaja chanzo, basi yuko salama. Kutaja chanzo kunamwokoa na tuhuma ya kuiba maandishi ya mtu na kuyaita yake. Hakumpi ruhusa ya kusambaza sura nzima za kitabu cha mtu. Kinyume chake pia kipo. Anayenakili maneno ya mwandishi aliyefariki miaka 300 iliyopita bila kumtaja hajagusa soko la mtu yeyote, lakini amefanya wizi wa kitaaluma waziwazi. Haya ni makosa mawili, yana waathirika tofauti na dawa tofauti, na kwa masikitiko nasema kwamba hata baadhi ya kamati zenu huyahukumu kana kwamba ni kosa moja. Nimeona barua ya adhabu iliyomtuhumu mwanafunzi kwa wizi wa kitaaluma ilhali alichofanya ni kuwapa wenzake faili la kitabu. Tuhuma hiyo itamfuata kwenye kila maombi ya masomo ya juu, wakati hakuwahi kudai kwamba ndiye aliyekiandika.

Jambo jingine ambalo hawaambiwi linahusu torenti, njia ya kupakua faili ambamo kompyuta za watumiaji hugawiana vipande vyake. Unapopakua filamu kwa njia hiyo, kompyuta yako inawagawia wengine vipande ulivyokwisha kuvipata, na inaendelea kugawa hata baada ya wewe kumaliza, mpaka uifunge programu. Mwanafunzi anaamini anapokea tu, kumbe anasambaza, na wenye haki huwaandama wasambazaji kuliko wapokeaji. Wanaofanya kazi kwa niaba ya kampuni za filamu na muziki hujiunga na makundi hayo hayo ya wanaogawiana faili, wakaandika anwani ya mtandao ya kila anayegawa, jina la faili, tarehe na saa, kisha wakapeleka notisi kwa mwenye mtandao. Mwenye mtandao ni ninyi. Kumbukumbu za seva zenu ndizo zinazoonyesha nani alikuwa ameingia saa hiyo. Ni wanafunzi wangapi wameelezwa haya kwa lugha nyepesi, na mtu anayeifahamu kazi hiyo, siku ile wanapopewa nywila zao?

Na nywila nazo. Chuo kinapolipia hifadhidata ya majarida, mkataba huwahusu wanafunzi na watumishi wake tu. Mwanafunzi akimpa nywila rafiki wa nje, au akaweka programu inayopakua makala mfululizo usiku kucha, mchapishaji huliona hilo na kufunga njia. Mara nyingi hafungi akaunti moja. Hufunga anwani zote za chuo. Nakumbuka asubuhi ya namna hiyo. Watafiti wa uzamili walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu karibu na dirisha, kila skrini ikiwa na ujumbe ule ule wa kukataliwa. Dada mmoja, aliyekuwa na sura ya tasnifu ya kuwasilisha kwa msimamizi wiki hiyo hiyo, alinijia na orodha ya makala aliyoiandika kwa kalamu, akaniuliza kama naweza kumpatia hata nusu yake. Aliyesababisha yote alikuwa kijana wa mwaka wa pili. Alipoelezwa matokeo ya alichofanya alishtuka kweli; alidhani kwa kuwa makala zilikuwa zinafunguka, zilikuwa zake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mkataba.

Sasa nije kwenye nyumba yenu wenyewe.

Mwanafunzi anakuja kaunta, ananionyesha simu. Kwenye kundi la darasa la WhatsApp kuna faili la PDF la kitabu kizima, kurasa zimeskaniwa kwa haraka, kwenye baadhi yake kidole gumba cha aliyeshika kitabu kinaonekana pembeni. Anataka kujua wapi atachapisha kwa bei nafuu. Namuuliza kalipata wapi. Ananijibu, "Mwalimu katutumia." Nifanyeje hapo? Nimwambie anachotaka kufanya ni kosa, wakati mtu anayemsahihishia mitihani ndiye aliyelituma? Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kanuni inayomfukuza mwanafunzi kwa kusambaza kitabu na kumwacha mhadhiri aliyesambaza kitabu hicho hicho haitaheshimiwa na mwanafunzi yeyote mwenye akili, na ninyi mnafundisha watu wenye akili.

Najua mhadhiri huyo hakuwa na nia mbaya. Maktaba ina nakala chache za kitabu hicho, darasa limejaa, na mtihani hausubiri. Ndiyo maana nasema chanzo cha makosa mengi ni ufinyu wa njia halali, na njia halali ni jukumu la chuo. Sheria yenyewe imeacha milango. Mkataba wa Berne, kifungu cha 10, unaruhusu kunukuu kutoka kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, na unaziruhusu nchi kuweka nafasi ya matumizi ya kufundishia, kwa kiasi kinachohitajika na kwa haki. Nchi nyingi zimeyaingiza haya kwenye sheria zao kwa namna tofauti. Vyuo vingi havijawahi kuwaandikia wahadhiri wao ukurasa mmoja unaosema: hapa kwetu unaweza kugawa kiasi hiki, kwa muda huu, kwa darasa hili.

Kesi ya Delhi, India, ingefaa isomwe kwenye kila seneti ya chuo. Mwaka 2012 wachapishaji watatu, Oxford University Press, Cambridge University Press na Taylor & Francis, walilishtaki duka la fotokopi lililokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi pamoja na chuo chenyewe, kwa ajili ya makabrasha ya kozi yaliyokusanya sehemu za vitabu vyao. Wanafunzi na walimu waliingia kwenye kesi hiyo kwa miguu yao wenyewe. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliitupa kesi. Mahakama ya rufaa ikarudisha baadhi ya maswali ya ushahidi yasikilizwe tena, na mwaka 2017 wachapishaji wakajiondoa. Marekani nako, kesi ya wachapishaji dhidi ya Chuo Kikuu cha Georgia State kuhusu sehemu za vitabu zilizowekwa mtandaoni kwa ajili ya kozi ilifunguliwa mwaka 2008 na kuendelea hadi 2020. Mahakama ilipima kila sehemu ya kitabu peke yake: imechukuliwa kiasi gani, leseni ilikuwepo au la, soko limeguswa vipi. Ikiwa majaji wenye wasaidizi na mawakili walihitaji miaka hiyo yote kutenganisha halali na haramu, kijana wa mwaka wa kwanza hawezi kuachiwa aya moja aipambanue peke yake.

Sheria ya kwanza ya hakimiliki ya namna tunayoijua, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1710, ilijitambulisha kwenye kichwa chake kuwa ni sheria ya kuhimiza elimu. Naitaja kwa sababu nimechoka kusikia kwenye mikutano kwamba wanaotaka wanafunzi wasome wako upande mmoja na wanaotaka sheria ifuatwe wako upande mwingine.

Kuhusu matokeo ya makosa, wanafunzi wanastahili kuambiwa ukweli wote, ule wa kutisha na ule wa kutuliza. Mwaka 2009 baraza la mahakama nchini Marekani lilimtaka mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Boston alipe dola 675,000 kwa nyimbo 30 alizopakua na kugawa mtandaoni, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa iliacha kiasi hicho kibaki. Sheria ya huko inaruhusu fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kama mtu alikusudia. Nchini Colombia, mwanafunzi wa biolojia alipakia mtandaoni mwaka 2011 tasnifu ya mtu mwingine ili watafiti wenzake waisome. Mwandishi wa tasnifu akapeleka malalamiko, na kijana akaishi miaka kadhaa akijua anaweza kufungwa kati ya miaka minne na minane, hadi mahakama ilipomwachia huru mwaka 2017. Hakuwa ameuza chochote. Nawasimulia wanafunzi visa hivi viwili kwa pamoja kila ninapopata nafasi, na wanaponiuliza kama na wao watafungwa, nawaambia wazi kwamba visa vya namna hii ni vichache, na kwamba matokeo ambayo wengi wao watakutana nayo yataamuliwa na watu wa chuoni kwao.

Watu hao ni ninyi. Kwa hiyo uzito wa adhabu uko mikononi mwenu, na naomba muupime.

Anayekamatwa mara ya kwanza na notisi ya filamu moja aitwe, aelezwe, aondoe programu, ahudhurie somo la maktaba, mambo yaishie hapo bila kuingia kwenye jalada lake la kudumu. Anayerudia baada ya kuelezwa amechagua, na hapo hatua kali zina haki. Anayeskani vitabu na kuviuza kwa wenzake ni mfanyabiashara, asichanganywe na yule aliyempa rafiki yake sura moja kabla ya mtihani. Kumfungia mtu mtandao wote kwa mwezi mzima, wakati kazi za kozi zinawasilishwa mtandaoni, ni sawa na kumsimamisha masomo bila kutamka hivyo. Fungeni anachokitumia vibaya, muacheni na mfumo wa masomo na maktaba. Na kabla ya lolote, asikilizwe. Anwani ya mtandao inaonyesha kifaa, na vifaa huazimwa, huibwa, hutumiwa na watu watatu wa chumba kimoja. Aoneshwe notisi yenyewe. Awe na nafasi ya kukata rufaa kwa mtu ambaye hakukaa kwenye kikao cha kwanza.

Marekani, sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2008 inavitaka vyuo vinavyonufaika na fedha za serikali za kuwasaidia wanafunzi viwaarifu wanafunzi kila mwaka kuhusu ukiukaji wa hakimiliki na adhabu zake, viwe na mpango wa kupambana na usambazaji haramu kwenye mitandao yao, na kwa kadiri inavyowezekana viwape njia halali za kupata kazi hizo. Vyuo vingi vya kwingineko viliiga sehemu ya adhabu na kuacha mengine. Sehemu iliyoachwa ndiyo yenye kazi na gharama: kununua leseni, kuongeza nakala za vitabu vya lazima, kuwa na mtu wa kushughulikia maombi ya ruhusa kwa wachapishaji, kuwahimiza wahadhiri watumie vitabu vilivyotolewa kwa leseni huria, yaani mwandishi mwenyewe ameruhusu vinakiliwe na kugawiwa. Leseni za Creative Commons zipo tangu mwaka 2002, na leo kuna vitabu vya kiada vya hisabati, fizikia, uchumi na takwimu ambavyo mwanafunzi anaweza kuvipakua, kuvichapisha na kumpa mwenzake bila kumwogopa mtu. Mhadhiri akiamua kubadili kitabu kimoja tu cha kozi kubwa, mamia ya wanafunzi wanaacha kuwa watuhumiwa.

Nisiwasahau wanafunzi wasioona. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliandikwa kwa ajili yao, ili vitabu viweze kubadilishwa kuwa breli, sauti au faili linalosomeka na kompyuta bila kuomba ruhusa ya mwenye haki. Bado kuna maofisa wa vyuo ambao wanakataa kuskani kitabu kwa ajili ya mwanafunzi asiyeona kwa hoja ya hakimiliki, hata katika nchi zilizokwisha kuridhia mkataba huo. Hilo linaniumiza kuliko mengine yote niliyoandika hapa, na linarekebishwa kwa waraka mmoja wa mkuu wa chuo.

Mwisho niseme kuhusu haki ya mwanafunzi mwenyewe, maana kwenye kanuni zenu yeye huonekana kama mkosaji tu. Insha anayoandika, picha anayopiga, programu anayotengeneza, tasnifu anayomwagia jasho: kwa kawaida hakimiliki ya hivyo ni yake, labda kama ametia sahihi makubaliano mengine. Wengi hawalijui hilo hata siku wanapojaza fomu ya kukabidhi tasnifu, ambayo wakati mwingine inahamishia chuo haki zote kwa sentensi moja. Nimewahi kumuona mhitimu akikuta michoro ya tasnifu yake kwenye chapisho la mtu mwingine, jina lake halimo. Alikuja maktaba kuuliza kama ana pa kulalamika. Nilimtafutia fomu aliyotia sahihi, tukaisoma pamoja kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi akijifunza hakimiliki kwa kuanzia kazi yake mwenyewe, hahitaji kutishwa ili aelewe kwa nini ya mwingine isiguswe. Darasa la saa moja likianza na swali "nani ana haki juu ya ulichoandika wiki iliyopita?" husikilizwa hadi mwisho, nimelifundisha mara nyingi, najua.

Ninachoomba kabla wanafunzi wapya hawajafika ni haya. Aya ile moja ibadilishwe kuwa kurasa mbili tatu za lugha inayosomeka, zenye mifano ya darasani na ya bwenini. Somo la hakimiliki liingie kwenye wiki ya kuwakaribisha, mtu asipewe nywila kabla hajalihudhuria. Wahadhiri wapate mwongozo wao na wawajibike kwa mwongozo huo kama wanafunzi wanavyowajibika kwa wao. Fomu ya tasnifu ipitiwe upya, na mwakilishi wa wanafunzi awepo mezani. Kamati ya nidhamu iwe na mkutubi au mwanasheria anayelifahamu jambo hili, angalau kama mshauri.

Wakutubi tuko tayari kuandika rasimu, kufundisha na kujibu maswali. Tupeni ratiba na chumba, na jina la ofisa tutakayewasiliana naye.

Wenu katika kazi,

Mkutubi